Mkia wa Faili na Foronya za Zuhura

Nimewaona, vijana wangu. Mnakuja hapa Bukirasazi kunisalimia, simu mkononi, na faili likikataa kufunguka mnalibonyeza, mnalibonyeza tena, kisha mnalibonyeza kwa hasira kama mtu anayegonga mlango wa choo. Halafu mnasema, "Limeharibika, Bibi," na mnalifuta. Mimi nakaa hapo na ungo wangu wa maharage, nachambua, lakini moyoni naumia kweli. Mengi ya mafaili hayo mnayoyazika bado yanapumua.

Kwa hiyo leo kaeni niwasimulie. Shahada ya kompyuta sina. Nilichonacho ni miaka mingi ya kukaa nyuma ya kaunta katika sekretariati moja mjini Gitega, yale maduka madogo ambako watu huja kuandikiwa barua, kutoa fotokopi na kuskani vitambulisho. Nimefungua mafaili ya mapadri na ya masheikh, ya maharusi na ya waliofiwa. Mengine yalinishinda. Ila yaliyonishinda niliyaacha yakiwa hai, na hapo ndipo tunapoachana mimi na ninyi.

Aliyenifundisha ni Maalimu Selemani, mwenye duka. Alikuwa mtu wa mtaa wa Waislamu pale Gitega, mwembamba, mchapaji wa taipureta tangu ujana wake, na kofia yake ilikuwa imefuliwa mpaka hakuna aliyejua zamani ilikuwa na rangi gani. Mimi nilikuwa nimerudi Burundi kutoka Tanzania, nilikokulia, na Kiswahili changu cha shule kilimchekesha sana. Nikisema, "Maalimu, faili hili halifunguki," ananijibu, "Konsolata, we unaongea sawa na redio. Sema tu faili iko inakataa." Nami nilimcheka kwa vile alivyokuwa akianza sentensi kwa Kifaransa, akaipitisha kwenye Kiswahili na kuimalizia kwa Kirundi. Tulifanya kazi hivyo, tukichekana, mpaka Mungu alipomchukua. Nilimpenda yule mzee. Hata leo kompyuta ikigoma namsikia akiguna nyuma yangu.

Niwaeleze kwanza habari ya mkia, maana najua kuna mmoja wenu atajifanya anaelewa. Jina la faili lina mkia, zile herufi zinazokuja baada ya nukta. Ukiona .jpg ni picha, .mp3 ni sauti, .pdf ni karatasi isiyotaka kubadilishwa. Hiyo mnaijua. Taabu inaanza siku unapoletewa mkia ambao hujawahi kuuona. Hapo Maalimu hakuwa na haraka ya kugusa kompyuta. Alimgeukia mteja na kumuuliza, "Nani alizaa hii?" Alitaka kujua faili limetoka kwa nani, na huyo mtu anakula kwa kazi gani. Mpima viwanja ana mafaili yake, mpiga picha wa harusi ana yake, na mtu wa redio ana yake. Nilidhani ni mazungumzo tu ya mzee. Baadaye nikaja kuona kwamba nusu ya mafaili magumu niliyowahi kuyafungua niliyafungua kwa mdomo.

Kwa mfano, alikuja baba mmoja kutoka Gishubi, amevaa koti la Jumapili siku ya kazi. Alikuwa na picha ya mjukuu wake aliyezaliwa Kanada, na mkia wake ulikuwa .heic. Kila duka alilopita waliikataa. Duka moja walimwambia mtoto ana virusi, na mzee wa watu hakulala. Nikamuuliza nani aliituma. "Binti yangu," akasema. "Iko na simu moja ya bei kali sana." Basi, jibu lilikuwa hapo hapo. Simu zile za bei kali zina namna yao ya kuhifadhi picha, na kompyuta yetu ya zamani haikuwahi kufundishwa namna hiyo. Nilitafuta programu ya kuibadilisha iwe .jpg ya kawaida, nikamgeuzia kioo aone. Alisogeza uso karibu na kioo, akasema, "Iko na pua yangu. Pole yake." Akaomba nimtolee nakala za kugawa kilima kizima, kijiji chao chote.

Jambo la pili la Maalimu: kopi kwanza. Faili la mteja haliguswi. Unapiga kopi, unaihangaisha hiyo kopi, na ukiiua basi umeua kopi. "Original ni mtu," alikuwa akisema, "copie ni kivuli. Piga kivuli vile unataka."

Na la tatu ndilo ninalolipenda zaidi. Mkia unaweza kudanganya kwa sababu mtu yeyote anaweza kuuandika, lakini kichwa hakidanganyi kirahisi. Chukua ile kopi, uifungue kwa Bloc-notes, ile programu ndogo ya maandishi matupu iliyomo ndani ya kompyuta. Utaona takataka tupu, visanduku na alama za ajabu, usitishike. Tazama herufi za mwanzo kabisa. Karatasi za pdf huanza kwa alama ya asilimia na PDF. Picha nyingi za jpg utaona JFIF au Exif hapo juu. Ukiona PK, hicho ni kifurushi, ndani kuna vitu vimefungwa pamoja. Hata barua zenu za .docx ni vifurushi vya PK, mlikuwa hamjui.

Hizo .docx zilitutesa zilipoanza. Kompyuta yetu ilikuwa na programu ya zamani, ikizifungua inatoa miraba na vijiti. Mwenzangu wa kaunta wakati huo aliitwa Dezire, kijana mwenye roho nzuri lakini asiyependa kusema sijui. Mkuu wa shule mmoja alileta faili lake, Dezire akalichapisha lote vilevile lilivyo, karatasi juu ya karatasi. Mkuu wa shule akaziangalia. "Bwana Dezire, hii iko Kichina?" Dezire akasema, "Ego," yaani ndiyo, "iko Kichina." Mzee akashukuru, akaenda kumtafuta Mchina wa wale wajenga barabara amtafsirie. Alirudi baada ya siku kadhaa akiwa amenuna. Maalimu alicheka mpaka akakaa chini, halafu akamrudia Dezire kwa upole, akamwambia, "Sha, kijana wangu, kusema sijui haiumi. Jaribu siku moja."

Onyo moja kabla sijaendelea, maana mama zenu watanilaumu. Faili likija na mikia miwili, harusi.jpg.exe kwa mfano, hiyo si picha ya harusi, hiyo ni programu iliyovaa nguo za picha, na ukiibonyeza umeikaribisha ndani. Iambieni kompyuta iwaonyeshe mikia yote, maana nyingi zinaificha. Na kitu msichokijua kikitoka kwa mtu msiyemjua, huruma muiweke mfukoni.

Lakini woga nao uliharibu mengi. Wakati virusi vilipokuwa vingi kwenye flash, sisi wa sekretariati tulizoea kufanya usafi. Mteja anaweka flash, wewe unafuta kila kitu ambacho hukijui, bila kumuuliza, tena unajiona umemsaidia. Mteja naye anasema asante. Ulikuwa ustaarabu wetu, kama kumfutia mgeni kiti kabla hajakaa. Maalimu peke yake ndiye aliyeukataza dukani kwake. Sikuelewa vizuri kwa nini mpaka alipokuja Zuhura.

Wakati huo Maalimu alikuwa ameshafariki, duka likiwa la mwanawe. Kwenye kaunta nilikuwa na Nadine, msichana aliyesomea kompyuta chuoni, mwenye akili na subira, na siku zote anatafuna karanga. Mwezi wa Ramadhani ulikuwa unaelekea mwisho. Akaingia binti mmoja mwenye buibui, akafungua pembe ya kanga yake, akatoa flash.

"Mama, shikamoo. Wameniambia hapa munafunguaka yenye imekataa kwingine."

"Marahaba. Umetoka wapi?"

"Muyinga. Nimelala kwa shangazi hapa. Ndani iko ua. Nataka tu munitolee kwa rangi, nipelekee fundi."

Ndani ya flash kulikuwa na faili moja tu, limeandikwa ua la harusi ya zuhura.jpg. Nikapiga kopi. Nikabonyeza, kompyuta ikasema picha hii haiwezi kuonyeshwa. Nadine akaijaribu kwa programu ya kutibu picha zilizoharibika, nayo ikashindwa. Zuhura akatuangalia, macho yakaanza kumetameta, na mimi nikaona kwamba hapa hatuzungumzii picha. Nikavuta kiti akae. Nikamuuliza swali la Maalimu, nani amelizaa.

Akatusimulia. Mama yake, Mama Hadija, alikuwa mdarizi wa mkono pale Muyinga, anajulikana mtaa mzima. Alizaa mabinti wengi na mtoto wa kiume mmoja tu. Kila binti akiolewa, mama yake humdarizia foronya mbili zenye ua lake mwenyewe, ua ambalo hajapewa dada mwingine na hatapewa. Mama Hadija hulitunga kichwani. Zuhura ndiye wa mwisho. Ua lake lilikuwa limeshachorwa kwenye karatasi, halijawahi kushonwa popote, mama alipopigwa na kiharusi na mkono wake wa kulia ukafa.

"Binamu yangu Ramadhani alikuwa ameichukua ile karatasi mbele ya mama kugonjwa, akaingiza ua kwa kompyuta, akatuachia flash," Zuhura akasema. "Alors yeye alienda Zambia, namba yake haipitake tena. Na karatasi ilipotea."

"Na mama anasemaje?"

Zuhura akainamisha kichwa. "Mama hasemi. Ulimi iko mzima, ni moyo ndiyo umekataa. Siku moja tu alisema, mtoto wa mwisho ataenda bila alama yangu, mi nilishaisha. Tangu pale hatoki nyumbani. Mama Konsolata, dada zangu wote wanalala kwa mkono ya mama. Mi nitaenda na foronya ya dukani?"

Nadine aliacha karanga zake. Mimi nina mabinti pia, nikaisogeza kompyuta karibu.

Nikamuuliza kama mkia ule wa .jpg aliuweka Ramadhani. Akasema hapana. Kaka yake alipeleka flash kwenye duka moja kule, wakasema hatujui mkia huu. Yeye akawaambia, "Mais ndani iko picha ya ua." Basi wakafuta mkia wa zamani, wakaandika .jpg, wakaona wamemaliza. Haikufunguka. Akaipeleka duka la pili, na huko wakaifanyia usafi. Kwenye flash kulikuwa na maua ya dada zake pia, na vikorokoro vingine vya Ramadhani. Vyote vilifutwa kwa sababu hawakuijua mikia yake. Lilibaki hili moja tu, kwa kuwa lilikuwa limevaa jina la picha.

Hebu fikirieni. Yule aliyelibadilisha jina alikosea, kwa maana jina halibadilishi kilichomo ndani. Mimi Tanzania shuleni waliniita Siwema kwa sababu Konsolata lilikuwa refu, na sikuacha kuwa Mrundi. Lakini kosa lake ndilo lililoliokoa ua. Tangu siku hiyo nimepunguza kuwacheka watu wanaobadilisha mikia.

Nikafungua ile kopi kwa Bloc-notes. Hakukuwa na JFIF wala Exif. Hapo mwanzo kabisa palikuwa na herufi LA na nukta mbili, kisha ST na tarakimu nyingi, kisha CO na tarakimu chache, halafu X na Y zenye alama za kujumlisha na kutoa. Sikuwahi kuona kichwa kama hicho. Nikasema sijui, na ni kweli haiumi.

"Hii si picha kabisa," Nadine akasema. "Zuhura, huyo Ramadhani alikuwa anafanya kazi gani?"

"Alikuwa na mashine ya kudarizi. Yenye inajishonea yenyewe."

Nadine akapiga meza kwa kiganja, akaingia mtandaoni. Hakuchukua muda. Ni faili la mashine za kudarizi, akasema, mkia wake wa kweli ni .dst. ST ni hesabu ya mishono, CO ni mara ngapi mashine itasimama kubadilisha uzi, na X na Y ni upana na urefu. Ndani yake hakuna picha ya ua. Kuna maagizo tu ya sindano: nenda hapa, rudi pale, choma, simama. Tukafuta .jpg, tukaandika .dst, Nadine akapakua programu ya bure ya kuonyesha mafaili hayo, na ua likatokea kwenye kioo.

Lilikuwa ua zuri jamani, lenye bua lililopinda na machipukizi mawili pembeni. Lakini rangi zake zilikuwa kichekesho. Majani ya zambarau, petali za kijani, moyo wa ua mwekundu wa damu ya ng'ombe. Zuhura alifunika mdomo kwa kanga, hajui acheke au alie.

"Ua ni yenyewe. Hii mkunjo ni ya mama. Mais rangi, oya, hapana, mama hawezi kuchagua hizi."

Nadine akasoma zaidi, akatugeukia. Faili la namna hii halibebi rangi, akasema. Linajua pa kusimama tu. Hizi rangi programu imejibunia yenyewe.

"Basi rangi nani anajua?" nikauliza.

"Iko kwa mama," Zuhura akasema. "Kwa mama tu. Kwa karatasi alichora na kalamu ya risasi."

Ningeweza kumtumia fundi wa Muyinga lile faili kwa simu na kurudi kwenye fotokopi zangu. Lakini nilikuwa na hofu ya duka la tatu na usafi wake, na tena nilitaka kumwona huyo mama. Idi ilipopita, na harusi imekaribia, nikabeba kompyuta ndogo ya duka, nikapita Karuzi mpaka Muyinga.

Mama Hadija alikuwa ameketi kwenye kiti chumbani, mkono wa kulia umelala mapajani, umefunikwa na kanga kana kwamba ni wa mtu mwingine. Alinikaribisha kwa adabu zote, akaagiza niletewe chai. Nikamweleza kwamba ua limepatikana.

"Alhamdulillahi," akasema, bila furaha. "Kama kompyuta imelipata, kompyuta ilishone. Mnanitakia nini?"

"Imeshindwa rangi, Mama."

Aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Imeshindwa?"

"Imeshindwa kabisa. Imeweka majani ya zambarau."

"Majani ya zambarau." Aliyarudia maneno polepole, kama mtu aliyeambiwa kwamba mtoto wake ameonekana sokoni bila nguo. "Na Ramadhani hakuiambia?"

"Faili lenyewe halina pahali pa kuandika rangi. Litasimama pale pa kubadilisha uzi, lisubiri mtu aseme."

Zuhura alikuwa mlangoni. Kisha Mama Hadija akasema, "Zuhura, leta kanga yangu ya kutokea." Na binti akakimbia kuileta kabla mama hajabadili nia.

Fundi Bakari alikuwa na kiduka karibu na soko, mashine yake kubwa imejaa nusu ya chumba. Alimwona Mama Hadija mlangoni akasimama wima, maana alimjua tangu utoto. Akabana kitambaa cheupe kwenye fremu, akachomeka flash. Kioo cha mashine kikaonyesha patupu. Akachomoa, akachomeka tena. Patupu.

Mama Hadija alishika ukingo wa meza kwa mkono wa kushoto, akaanza kuinuka. "Twende nyumbani, mwanangu. Nilijua."

Nikamwambia fundi aniwekee flash yake ya siku zote nione mafaili yake yanaitwaje. Yote yalikuwa na majina mafupi, herufi kubwa, bila nafasi katikati. Ndipo nikaelewa. Mashine za zamani haziwezi kusoma jina refu, na nyingine hata flash kubwa zinaikataa. Nasi tulikuwa tumeiletea ua la harusi ya zuhura, sentensi nzima. Nikafungua kompyuta yangu, nikaandika ZUHURA.DST, nikalihamishia kwenye flash ndogo ya Bakari mwenyewe. Jina likatokea kwenye kioo. Liandikeni mahali hilo: mashine ikisema hakuna kitu, wakati mwingine kitu kipo, ni jina lake tu linaloishinda.

"Mama, subiri kidogo," Zuhura akasema. "Iko imeonekana."

Mama Hadija akakaa tena, nusu ya kiti tu.

"Tunaanza na uzi gani, Mama?" Bakari akauliza. Yeye akaangalia mlangoni. Bakari akaangalia nyuzi alizokuwa nazo, akachukua bunda la kijani. "Hii ni bua, naweka kijani?"

"Kijani ipi?" Mama Hadija akauliza.

"Hii."

"Hiyo ni ya nguo za shule. Chukua ile ya nyuma. Oya, hiyo nyingine."

Mashine ikaanza kupiga sindano. Bua likapanda, likapinda pale pale lilipopinda kwenye kioo chetu cha Gitega, na mimi nikashika mkono wa Zuhura bila kujua. Mashine ikasimama. Bakari akageuka. Mama Hadija akanyoosha mkono wa kushoto na kuonyesha buluu iliyoiva, karibu na nyeusi.

"Petali za buluu, Mama?" Bakari akauliza. "Dada zake walikuwa na nyekundu na waridi."

"Wewe ulishaona hii ua wapi, unijulishe rangi yake?"

Bakari akainamisha kichwa, akaweka buluu. Kuanzia hapo alikuwa mwanafunzi. Kila mashine iliposimama alisubiri, naye mama alisema, na akisema alisogea mbele kidogo kwenye kiti mpaka akakijaza. Akamwambia uzi umekaza, aulegeze. Akamwambia sindano imechoka, abadilishe. Ilipofika kwenye moyo wa ua akakataa njano zote zilizokuwa dukani, na Bakari akaenda mwenyewe kuomba nyingine kwa jirani. Akarudi nayo, mama akaipeleka mlangoni kwenye mwanga, akaikunja kwenye kidole, akasema, "Bon. Hii."

Foronya ya kwanza ilipotoka kwenye fremu, Zuhura aliiweka usoni akalia ndani yake. Mimi nililia pia, siwafichi. Mama Hadija hakulia. Alipitisha vidole vya mkono wa kushoto nyuma ya kitambaa, upande wa ndani, ambako wadarizi huangalia kazi ya mtu.

"Haikushonwa vibaya," akasema. "Kwa mashine."

Bakari alikuwa na furaha. Akabana foronya ya pili, akarudisha ile kijani ya mwanzo, na bua likapanda tena. Mashine iliposimama, hakuuliza mtu. Alikuwa ameshajifunza. Akachukua ile buluu iliyoiva na kuanza kuipitisha kwenye tundu la sindano.

"We Bakari," Mama Hadija akasema, "nani amekwambia buluu?"

"Si ndiyo ileile, Mama? Ua ni moja."

"Ile ni ya mwanangu. Hii ni ya bwana yake. Sijamwangalia vizuri bado yule kijana." Akamgeukia Zuhura, na kwa mara ya kwanza siku ile niliona meno yake. "Nenda umwite aje hapa, nimwone. Sitampa rangi mtu simjui."

Zuhura alitoka mbio, kanga ikimwanguka begani. Bakari akachomoa uzi wa buluu, akaurudisha mahali pake. Mama Hadija akaegemea kiti, akauliza kama hapa hakuna hata chai, na mashine ikakaa kimya inamsubiri.